Sitaki ya Mama Jacob

Machi 4, Jumatatu

Evelyn amenipa hii shajara. Ina jalada gumu la buluu na nembo ya mradi wa maji. Akasema, Mama, na wewe andika. Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba, nitaandika nini? Akasema andika unachokiona. Basi ninachokiona cha kwanza ni yeye. Mwanangu wa kwanza, msomi wa chuo kikuu, na sasa mradi mzima wa kuleta maji ya bomba kutoka msituni mpaka kwetu hapa Uru hauwezi kusogea hatua bila yeye. Wahandisi wanachora tu. Yeye ndiye anayewauliza watu. Kazi yake ni kukusanya maoni ya wadau. Mdau ni mtu yeyote ambaye mradi unamgusa, kwa hiyo hata mimi ni mdau, na hata mume wangu Kornel, ambaye maoni yake kwa kila jambo ni kukohoa.

Atalala hapa nyumbani mpaka kazi iishe. Leo nimempikia kiburu cha ndizi na maharage, akasema mjini hawajui kukipika. Mimi nilijua hilo zamani.

Machi 5

Joto. Mawingu yanakuja yanarudi.

Machi 9, Jumamosi

Nimemsindikiza Evelyn nyumba kwa nyumba. Laiti wangemwona wale walioniambia shuleni anapotea bure. Haingii kwa mtu na karatasi mkononi kama wale vijana waliokuja mwaka jana, wakasimama uani na viatu vyao, wakauliza, wakaambiwa ndiyo, ndiyo, wakaondoka wamefurahi na hawakupata kitu. Kwetu ukimharakisha mtu atakuambia ndiyo ili uende. Mwanangu anaamkia shikamoo, anauliza kama ng'ombe amezaa, anakula ndizi aliyopewa, ndipo anatoa fomu. Akishaandika anamsomea mtu maneno yake mwenyewe mpaka aseme hayo ndiyo niliyosema.

Jioni anayaingiza kwenye kompyuta. Kila oni lina mstari wake. Likiwa halijajibiwa linapakwa rangi nyekundu, likishughulikiwa linakuwa la njano, likikwisha la kijani. Mzee Gidioni, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alitoa maoni marefu sana, yote kuhusu barabara. Nikamwambia Evelyn ayaache, mradi ni wa maji. Akasema, "Mama, nikianza kuchagua ya kuandika, basi nakusanya maoni yangu."

Hayo maneno nimeyapenda. Nimewaambia kina mama wa jumuiya.

Machi 16, Jumamosi

Kikao shuleni, watu wamejaa mpaka wengine wamekaa madirishani. Mhandisi Denis alitundika ramani akaonyesha bomba litakapopita. Wengi walishangilia, maana wengine tunachota bado kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee, na wakati wa masika maji yake ni tope.

Mama Jacob akanyoosha mkono. Huyu ni Theopista, jirani yangu, tumepakana kihamba kwa kihamba, migomba yangu na yake. Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi yeye ndiye aliyenionyesha njia ya mtoni, na tangu alipofiwa na mume hakuna Jumapili hatukutoka pamoja kwenda kanisani. Mtu wa maneno machache. Akasema bomba lisipite kwake nyuma ya migomba. Denis akamwuliza kwa nini.

"Sitaki."

Denis akamweleza kwamba ni njia fupi, mtaro wenyewe mwembamba, na utafukiwa, hatapoteza mgomba hata mmoja. Akamwuliza tena sababu.

"Nimesema sitaki, mwanangu."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kidogo. Evelyn hakucheka, aliandika. Jioni nimeona kwenye kompyuta mstari wake, mwekundu, na pale penye sababu pako wazi.

Machi 20

Mvua imeanza. Ya kwanza, nzito, imelala juu ya bati mpaka asubuhi.

Machi 24, Jumapili ya Matawi

Leo nimesema jambo. Tumetoka misa na matawi yetu, kina mama tumesimama chini ya ukuta wa kanisa tukisubiri manyunyu yapungue, mmoja akauliza bomba litaanza lini. Nikasema muulizeni mama Jacob, yeye ndiye ameshika ufunguo. Wakacheka, na mimi nikicheka nao huwa sijui kuacha. Nikasema mtu asiyekuwa na mtoto aliyesoma hawezi kujua kazi ya mtoto aliyesoma ni kitu gani, wengine watoto wao wanashika spana, kwao ramani ni karatasi ya kufungia nyama. Jacob wake ni fundi pikipiki kule Bomang'ombe.

Mama Jacob alikuwa amesimama nyuma yangu. Akafunua mwavuli wake akaenda peke yake.

Machi 29, Ijumaa Kuu

Nimefunga. Mvua. Kwenye njia ya msalaba mama Jacob alikaa upande mwingine.

Aprili 3

Maoni yote yamekuwa ya kijani. Umebaki mstari mmoja mwekundu. Wakubwa wa Evelyn wako Dar es Salaam, wanapiga simu kila siku. Wanasema hawawezi kuruhusu kuchimba mpaka malalamiko yote yafungwe, na wachimbaji wakichelewa mradi utahamia kata nyingine. Evelyn ameenda kwa mama Jacob tena na tena. Kila akienda anapewa chai, anapewa ndizi za kubeba, na akiuliza anajibiwa lile lile. Amemwomba Denis asogeze bomba. Denis amesema mchoro haubadilishwi kwa sitaki, aletewe sababu.

Mwanangu anakonda. Chakula anakichokonoa. Amenunua viatu vya mvua vya wanaume kwa sababu vyake vimekwisha kwa tope la hizi njia. Msomi wangu, anatembea kama mchunga ng'ombe, kwa ajili ya neno moja la mwanamke mmoja.

Aprili 6, Jumamosi

Nimelimaliza. Nimefanya walichoshindwa wahandisi.

Evelyn alishuka Moshi mjini kwenye kikao. Nikafungua jalada lake nikatoa fomu moja ya kuridhia, ile ambayo mtu aliyekuwa na lalamiko anatia sahihi kwamba limekwisha. Halafu nikaenda mpakani nikakata isale, ule mmea tunaopanda kugawa mashamba. Nilikuwa nimemkosea mama Jacob, hilo najua, na kwetu ukimkosea mtu humwendei na mdomo mtupu, unakwenda na jani la isale. Akikuona nalo mkononi hakufukuzi, hakuhoji. Anapokea, na kosa limekwisha. Marehemu baba yangu alimsamehe mtu aliyemchomea nyumba, kwa isale, na alikuwa ameshaapa mbele ya ukoo kwamba hatamsamehe.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Aliliona lile jani akasimama, akajifuta mikono kwa kanga. Nikamwambia, mama Jacob, nilikosa, nilikutukana pale kanisani, mwanao nilimtukana, nisamehe. Akalipokea kwa mikono miwili. Akasema yamekwisha, mama Evelyn, kaa. Macho yake yalikuwa na maji na yangu pia. Akanimiminia chai.

Basi nikaona mlango umefunguka, nikatoa fomu.

Akaitazama. Akalitazama isale lililokuwa mapajani mwake. Akasema taratibu, "Hili isale umeleta la maneno ya kanisani, au la karatasi?"

Nikasema la yote.

"La yote," akasema. Nje maji yalikuwa yanatiririka kwenye migomba. Halafu akaomba kalamu. Anaandika polepole kama mimi, kila herufi inasimama peke yake. Akanirudishia karatasi, akarudi kwenye maharage. Hakunisindikiza mpaka langoni, jambo ambalo halijawahi kutokea, lakini mvua ilikuwa kubwa.

Evelyn aliporudi nikaiweka mbele ya sahani yake. Akaniuliza mara mbili kama amekubali mwenyewe, na nilimwambia nini. Nikasema tumeongea kina mama. Alinitazama, ni kama alitaka kuuliza tena, simu ya Dar es Salaam ikaita.

Mstari umekuwa wa kijani. Nimeuona kwa macho yangu.

Aprili 8

Nimemwambia mwenyekiti Gidioni ni nani aliyeuokoa mradi. Amesema mimi ningefaa kuwa mbunge. Amesema kwa utani, lakini wapo wabunge ninaowazidi.

Aprili 11

Mvua.

Aprili 14, Jumapili

Mvua. Njia ya kanisani imekatika, tumezunguka. Mama Jacob hakunisubiri. Nimesema moyoni labda hakuniona.

Aprili 18

Mvua. Kornel anasema haijanyesha hivi tangu tulipooana. Nimempelekea mama Jacob mtori, amenishukuru mlangoni, akachukua bakuli, akalirudisha limeoshwa. Hakuniambia ingia.

Aprili 23, Jumanne

Evelyn alisema niandike ninachokiona.

Leo vibarua wamefika kwa mama Jacob. Mvua ilikuwa imepumzika, ukungu tu. Wana majembe na sururu, wanaimba. Mimi nilikuwa upande wangu nakata majani ya ng'ombe, nikiwa na furaha, nikiwasikiliza. Mama Jacob alisimama nyuma ya migomba yake tangu walipoanza. Alishika panga, hakukata nalo kitu. Nilimpungia mkono.

Pale nyuma kuna kichaka cha masale cha siku nyingi. Mimi siku zote nilidhani ni mpaka wa zamani. Vibarua waliking'oa, wakakirusha juu ya lundo la majani makavu, wakaendelea. Walipokwenda kula, nikamwona mama Jacob anapiga magoti kwenye udongo uliotolewa. Anaupekua kwa vidole, anauvunja bonge kwa bonge. Nikaruka mfongo nikaenda. Nikamwuliza, mama Jacob, umepoteza nini?

"Mtoto."

Sikuelewa. Nikabaki nimesimama na mundu wangu. Akaendelea kuvunja udongo, na akanieleza huku hanitazami. Kabla ya Jacob alizaa msichana. Hakumaliza wiki, wala hakuwahi kubatizwa. Mama mkwe wake akasema asiitwe padri, asiambiwe mtu, mimba inayofuata isije ikasikia. Akamzika yeye mwenyewe, bibi na mkwe wawili tu, akapanda isale juu, akamkataza kulitaja jina. Mume wake amekufa bila kulitaja. Jacob hajui. Mimi niliolewa hapa miaka kadhaa baadaye. Nimepita hapo mara ngapi. Nimewahi kumfunga mbuzi hapo.

Nikamwuliza kwa nini hakusema pale kikaoni, kwa nini hakumwambia hata Evelyn.

Akasema, "Nilisema. Nilisema sitaki. Sitaki nayo si maoni?"

Nikapiga magoti nimsaidie kutafuta. Akaniwekea mkono wake, hakunisukuma, aliuweka tu kati yangu na ule udongo.

"Usiguse, mama Evelyn. Na hakuna kitu. Nimetafuta. Ni udongo tu."

Vibarua walirudi. Yeye akaingia ndani. Wakaendelea kuimba mpaka nilipowaambia wanyamaze, na hawakujua kwa nini.

Aprili 24

Sijatoka.

Aprili 25

Mvua imerudi.

Aprili 27, Jumamosi

Bomba limelazwa, mtaro umefukiwa. Ukipita usingejua. Nilitaka kuacha hivyo. Nimekaa na jambo hili kama mtu aliyemeza mfupa. Nikajiambia mtoto amekwenda mbinguni zamani, maji ni ya watu wote, na Evelyn wangu kazi yake imeanza kusifiwa, wamemwandikia barua nzuri kutoka Dar es Salaam, niliisoma mwenyewe.

Kornel ameniuliza kwa nini sili.

Aprili 28, Jumapili

Nimemwambia Evelyn. Nilimwambia jikoni, baada ya misa, nikiwa nimempa mgongo nakoroga chungu. Fomu nilivyoitoa kwenye jalada lake, isale, chai, na kilichokuwa nyuma ya migomba. Halafu nikageuka.

Nilitegemea alie. Alikuwa amekaa wima kama siku ya mtihani. Akasema mimi niliona, Mama. Siku ile nilikuuliza mara mbili na nikajua hujanijibu, lakini nilikuwa nimechoka, nikaiingiza. Halafu akaleta kompyuta pale pale mezani, akausukuma mkate kando, akautafuta ule mstari. Ukawa mwekundu.

Nikamshika mkono. Sitaficha, nilimsihi. Nikamwambia watakufukuza, hakuna anayejua isipokuwa sisi watatu, na mama Jacob si mtu wa kusema. Nikamwambia nimekusomesha kwa kahawa na mgongo huu.

Akasema, "Aliridhia kwa sababu isale halikataliwi. Huko si kuridhia. Lazima niandike, na niandike ni nani aliyeipeleka fomu."

Nikamwuliza kama ataandika jina langu.

"Nitaandika mama yangu."

Akaandika. Halafu akanisomea, kama anavyowasomea watu wote, akaniuliza kama hayo ndiyo niliyosema. Nikasema ndiyo, hayo ndiyo.

Mei 2

Evelyn alienda kwa mama Jacob peke yake, akakaa mpaka giza linaingia. Hakuniambia walichozungumza. Nami kwa mara ya kwanza sikumwuliza.

Mei 9, Alhamisi

Denis alikuja na vibarua wanne. Alipofika pale nyuma ya migomba alivua kofia, akamwamkia mama Jacob shikamoo kwa kuinama. Wakafukua, wakalitoa bomba, wakalizungusha chini kidogo kwa kufuata mfongo, wakafukia. Hakuna aliyeimba. Waliingia asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamemaliza na wanaosha majembe.

Sisi tulikuwa tumesimama mpakani, mimi na Kornel. Kornel hakukohoa. Akasema, "Kumbe lilikuwa linasogezeka."

Mama Jacob alikichukua kile kichaka kwenye lundo la majani. Kilikuwa hakijafa, isale halifi upesi. Alisimama nacho muda mrefu akitazama huku na huku, kisha akapanda. Lakini si palepale. Alikuwa anakisia.

Mei 15

Baridi imeanza kushuka. Mvua nyembamba.

Mei 19, Jumapili ya Pentekoste

Nimekaa benchi la nyuma.

Mei 31, Ijumaa

Barua ya Evelyn imekuja. Wanamshukuru kwa huduma yake. Mkataba utaisha mwezi wa sita kama ulivyoandikwa, na awamu ya pili wataendelea na mtu mwingine. Hawakutaja sababu. Amenisomea bila sauti kupanda wala kushuka, akaikunja, akaenda kumnywesha ndama.

Juni 4

Sokoni Kiboriloni mwanamke mmoja tuliyesoma naye akaniuliza, mama Evelyn, yule bosi wako wa maji hajambo? Zamani ningeweka kapu chini. Nikasema hajambo, yuko nyumbani. Nikapita. Nilipofika kwenye vitunguu nikatamani kurudi nimwambie kwamba mwanangu alimwandika mama yake kwenye kitabu cha makosa, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli, na je, wewe wako angethubutu? Lakini hiyo nayo ni kujisifu, na nimeshaona kujisifu kwangu kunakofika. Nimenunua vitunguu.

Juni 15, Jumamosi

Maji yamefunguliwa. Mkuu wa wilaya alikuja, kwaya imeimba, mzee Gidioni amehutubia kuhusu barabara. Maji yalitoka na upepo kwanza, yakakohoa, halafu yakaja meupe, baridi mpaka meno yanauma. Wanawake walilia. Nimejaza ndoo yangu.

Evelyn alisimama nyuma kabisa, hawakumwita jukwaani. Vibibi wa kitongoji walimwendea mmoja mmoja wakamshika mkono wakisema aika, aika, asante kwa Kichaga. Hao aliwaandikia maneno yao vile walivyosema.

Mama Jacob hakuja. Nilimwona kwa mbali anapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani.

Juni 18, Jumanne

Evelyn ameondoka na basi la asubuhi, anakwenda kutafuta kazi Arusha. Nimemfungia ndizi na maziwa ya mgando. Kwenye kituo nilitaka kumwambia nisamehe, nikaona ameshanilaza kichwa begani mwake kama mimi ndiye mtoto.

Nikapanda moja kwa moja kwa mama Jacob. Niliita hodi langoni. Akatoka mpaka uani, akanitazama mikono. Nilikuwa sina kitu.

Akasema, "Umefanya vizuri. Ungekuja na isale ningelazimika. Sitaki kulazimishwa mara ya pili."

Nikasema najua. Nikamwambia nimekuja kukuomba, Theopista. Sijamwita kwa jina lake tangu Jacob azaliwe. Nikasema nilikuja kwako na kitu kitakatifu nikakigeuza mtego, na yule mtoto ni mimi niliyemfukua. Nisamehe, kama unaweza.

Alisimama. Kuku wake walikuwa wanapekua chini ya mti wa kahawa. Alifikiri kweli, niliona anafikiri, hakuwa na haraka ya kunifukuza wala ya kunifurahisha.

"Sitaki," akasema.

Nilimwambia nimesikia. Sikumwuliza sababu. Nikafunga lango lake polepole, nikashuka nyumbani.